Ntumba Mia Moja na Kumi na Mbili

Padri, wanaukoo, majirani wa hapa kitongojini, na ninyi mliopanda magari kutoka Sumbawanga na Namanyere kuja kumzika kaka yangu, mimi naitwa Paskazia Isdori, ni mdogo wa marehemu, mtoto wa mwisho wa mzee Isdori na mama Mariana, na nimesimama hapa kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza nisome mimi, si kwa sababu ukoo umependa. Baba mdogo Evaristi, yule aliyekaa mbele kwenye kiti cha mikono, alinipa jana historia iliyochapwa kwa kompyuta, kurasa mbili safi, ambayo ndani yake marehemu hana kosa hata la kuchelewa misa, nami nimeiacha jikoni chini ya kinu. Hii ninayosoma nimeiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la shule, na katikati ya daftari nimebana karatasi moja ambayo marehemu alinipa hospitalini, akaomba niisome mbele yenu. Sikumwahidi chochote. Nikifika mwisho nitawaambia kama naisoma au naitia motoni.

Marehemu Zenon Isdori Sikazwe alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 hapahapa, nje kidogo ya Kaengesa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, ambao watatu wa katikati Mungu aliwachukua wakiwa wadogo, kwa hiyo tulibaki yeye juu na mimi chini. Alikuwa mtoto mwenye akili, hilo sitalificha, na alikuwa mtoto wa kupenda kusifiwa, hilo nalo sitalificha. Baba yetu alifariki mwaka 1969, na tangu hapo mama alitulea kwa jembe la mkono na kwa ntumba. Kwa wageni wasioijua, ntumba ni tuta la mviringo ambalo Wafipa hulijenga mwezi wa pili na wa tatu, udongo ukiwa bado laini, unafyeka nyasi, unazikusanya fungu, unazifunika kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa mizizi juu, unapanda maharage kileleni, na chini yake nyasi zinaoza polepole hadi mvua za mwishoni mwa mwaka zirudi, ndipo unaivunja, unaisambaza na kupanda ulezi. Kazi hiyo inavunja mgongo, na mama aliifanya kila mwaka bila kukosa, na kila chakula alichokula marehemu hadi anaota ndevu kilitoka humo.

Alisoma shule ya msingi hapa Kaengesa kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari mjini Sumbawanga kuanzia 1972 hadi 1975, akapita Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1976, kisha akaingia chuo cha kilimo mkoani Mbeya, alikotunukiwa cheti tarehe 30 Novemba 1979. Picha ya siku hiyo mmeiona pale mezani, kola imenyooka kama karatasi, na nguo hiyo niliipiga pasi mimi. Alirudi likizo akiwa na maneno mapya, akatuambia kwamba sisi tunalima kwa mazoea, na mama akamwekea ugali wa ulezi wa mazoea, akaula wote.

Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa kuwa bwana shamba, kituo cha kwanza Namanyere, na tarehe 3 Januari 1984 akahamishiwa kwao, yaani hapa. Tarehe 25 Agosti mwaka huohuo alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Kristiana, mnayemwona amekaa kwenye mkeka, mwanamke aliyevumilia mengi na ambaye leo sina neno baya juu yake. Walijaliwa watoto watatu, Urbano aliyezaliwa mwaka 1985, Mariana aliyezaliwa mwaka 1988, na Abeli aliyezaliwa mwaka 1992. Huyo binti alipewa jina la bibi yake, na baba yake akadhani jina linatosha.

Sasa nafika tarehe ambayo kwenye zile kurasa mbili za baba mdogo haimo. Tarehe 16 Februari 1985, asubuhi ya saa nne, marehemu aliwaita watu wote wa kijiji kwenye shamba la mama yetu, kukiwa na agizo lililogongwa muhuri na mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni huyuhuyu baba mdogo Evaristi, kwamba ntumba zote zisawazishwe, kilimo kiwe cha plau na mistari, na kila mkulima atumie mbolea ya chumvichumvi, ile ya SA, yaani salfeti ya amonia. Watu walikuwa wanasitasita, kwa hiyo marehemu aliamua kuonyesha mfano kwa mama yake mzazi, ili asibaki mtu wa kubisha. Mama alikuwa amejenga ntumba mia moja na kumi na mbili mwaka ule, naijua idadi kwa sababu nilizijenga naye nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, na maharage yalikuwa yametoa majani mawilimawili. Maksai waliingizwa shambani, plau ikapita, na mama akiwa amesimama ukingoni na jembe begani alisema neno moja tu, kwamba nyasi hazijaoza bado. Marehemu alimjibu kwa kipaza sauti, akimwita ndugu mkulima, akamwambia ndugu mkulima asiogope mabadiliko. Mama yake mzazi, mbele ya watu, aliitwa ndugu mkulima. Wengi wenu mlikuwapo, mlipiga makofi, nami nilimwona kila aliyepiga.

Nitasema ukweli wote, maana nikichagua nusu nitakuwa kama yeye. Miaka ya kwanza mahindi yalikubali mno, magunia yalishuka hadi Wampembe ziwani, samaki wa migebuka wakapanda huku kwa wingi, marehemu akapewa baiskeli na cheti cha bwana shamba bora, akaimbiwa nyimbo. Kuanzia mwaka 1993 maharage yakaanza kudumaa, mwaka 1996 mahindi yakawa yanafika magotini na kugeuka njano, ukiyang'oa unakuta mizizi mifupi, minene, ya kahawia, haina matawi, utadhani vidole vilivyokatwa. Ninyi mkalaumu mbegu, mkalaumu mvua, mkalaumiana wenyewe, na marehemu akasema ongezeni mbolea, mkaongeza, udongo ukazidi kuwa mchachu. Mwaka 1997 alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, akaondoka hapa bila kuaga mashamba aliyoyaacha.

Tarehe 2 Machi 1998 alipata kazi ya fundi msaidizi katika maabara ya udongo huko Mbeya, chini ya Daktari Kauthar Halfani, mtoto wa mzee Halfani wa maduka ya Sumbawanga, ambaye lori la baba yake ndilo lililokuwa likituletea mbolea ile, na daktari mwenyewe yupo hapa leo na anakubali kwa kichwa. Huko ndiko marehemu alikoona kwa macho yake, kwenye hadubini, kitu kilichokuwa kikiua mashamba yetu. Nitakieleza kama alivyonieleza, na nikikosea daktari atanisahihisha tukishazika.

Udongo wetu mwekundu umejaa aluminiamu tangu dunia iumbwe, lakini imefungwa, imelala, haimdhuru mtu wala mmea. Udongo ukichachuka, kama ulivyochachushwa na SA mwaka baada ya mwaka, aluminiamu inafunguka na kuingia katika maji ambayo mzizi unakunywa. Sasa ncha ya mzizi imejengwa kwa seli nyingi ndogo, na kila seli ina vijilango ambavyo kalsiamu hupitia kuingia ndani, na kalsiamu hiyo ndiyo inayoshikilia kuta za seli zisilegee, na ndiyo inayoiambia ncha iendelee kukua. Aluminiamu inafika mlangoni, inakaa palepale, inaziba, na kwenye kuta inaing'oa kalsiamu na kukaa mahali pake, kwa hiyo kalsiamu inabaki nje, ncha inaacha kwenda mbele, inavimba, inakufa, na mmea unakufa kwa njaa na kiu huku umezungukwa na chakula na maji. Waliichovya mizizi katika dawa ya rangi, na pale aluminiamu ilipojikusanya pakageuka zambarau, nchani kabisa. Na daktari alipomuuliza kwao walikuwa wanalimaje zamani, akamweleza ntumba, wakajaribu maji ya nyasi zinazooza, wakakuta nyasi zile zikioza hutoa tindikali zake nyororo zinazoikamata aluminiamu na kuifunga tena, na mizizi ikarudi kuwa myeupe yenye matawi.

Tarehe ya jaribio hilo imeandikwa katika daftari lake la kazi, nimeiona mwenyewe, ni tarehe 9 Agosti 2001. Naomba muishike tarehe hiyo. Mama yetu alifariki tarehe 2 Novemba 2004. Kwa miaka mitatu na zaidi marehemu alikuwa anajua kwamba mama alikuwa sahihi na yeye alikuwa amekosea, alikuja hapa Krismasi tatu, akala kwa mama, akalala kwa mama, akamletea kitenge na sukari, hakumwambia. Na siku ya mazishi ya mama, yeye ndiye aliyesimama mahali hapa niliposimama, akasoma historia ya marehemu kwa ile sauti yake nzuri, na akasoma kwamba mama Mariana alikuwa mkulima hodari aliyepokea kilimo cha kisasa kwa mikono miwili. Mama alikuwa kwenye jeneza, hakuweza kubisha. Leo nasahihisha historia ile mbele ya kaburi lake, lile pale chini ya mkaratusi, kwamba mama Mariana hakukipokea, alinyang'anywa cha kwake.

Marehemu aliacha kazi mwaka 2006, akarudi nyumbani, akachukua kipande cha shamba la mama na kukigawa mara tatu, sehemu moja akaiacha ilivyo, ya pili akaitia chokaa ya kilimo, ya tatu akajenga ntumba, akawa anang'oa mizizi kila mwaka na kuipima kwa rula. Tarehe 20 Julai 2008 aliwaita tena watu, safari hii kwenye ghala la kijiji, akainua sufuria juu na kusema kwamba madini yaleyale yaliyotengeneza sufuria hii ndiyo yanayoua mizizi yenu. Mnajua kilichofuata, na naona baadhi yenu mnacheka, chekeni. Wanaume waliondoka pale wamekataza wake zao kuosha sufuria karibu na mashamba, mzee Eustaki akazibeba sufuria zote za nyumbani kwake na kuzitupa bondeni, mkewe akapikia chungu miezi miwili, na kuna waliokataza hata watoto kukwangua ukoko. Marehemu alilazimika kuzunguka nyumba kwa nyumba, juma zima, kuwaeleza kwamba sufuria haina hatia. Nilimtazama akipita na nikachukia kuliko nilivyowahi kuchukia, kwa sababu mtu huyu aliweza kwenda milango sabini kuisafisha sufuria, lakini kaburi la mama lilikuwa hatua mia mbili kutoka kwake na hakwenda kusema neno.

Na katika mkutano uleule aliwaambia mrudi kwenye ntumba kwa sababu utafiti umeonyesha. Utafiti. Hakusema mama. Niliinuka, nikatoka, na kuanzia siku hiyo sikumsemesha kaka yangu kwa miaka kumi na sita, tukiwa tumetenganishwa na ua wa minyaa tu, nasikia kikohozi chake, yeye anasikia mbuzi wangu. Mlituletea wazee wa kupatanisha, na mzee Kashinje, Mungu amrehemu, alikuja mara nne, nikampa togwa akanywa, akarudi na jibu lilelile. Wengi wenu mlirudi kwenye ntumba, mashamba yenu yakapona, mkamsifu upya, akaimbiwa tena. Mtu mmoja aliwavunjia, mtu huyohuyo akawarudishia, na mara zote mbili sifa zikaenda kwake.

Ugonjwa ulianza mwezi Juni 2023, ugali ukawa unakwama, kisha wali, kisha uji mzito, na tarehe 12 Septemba 2024 madaktari wa hospitali ya rufaa wakathibitisha kuwa ni saratani ya koo la chakula. Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 alimtuma kijana wake Abeli aniite. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda hospitalini, kwa ajili ya wifi Kristiana aliyekuwa amechoka, nikamkuta kaka yangu amebaki macho na masikio, analishwa kwa mpira. Aliponiona alijishika koo kwa kidole, akaniambia, Paska, mlango umezibwa, chakula kipo na mimi nakufa njaa, sasa mzizi naujua kwa ndani. Nilimwambia aache kunifundisha, nilikuwa sijaja darasani. Akacheka kwa sauti iliyobaki, mimi sikucheka, nikakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda chake wiki tano, nikimmiminia uji wa ulezi kwenye mpira asubuhi, mchana na jioni, na katika wiki hizo tano hakuniomba msamaha hata mara moja, kwa sababu alisema anayepaswa kumwomba si mimi. Hapo alisema kweli.

Marehemu alifariki tarehe 4 Machi 2025, saa saba mchana, mimi nikiwa nimeshika mpira na wifi ameshika mguu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumkunjia uso, hata alipokuwa anawaeleza habari za mizizi wakiwa na wagonjwa wengine. Namshukuru Daktari Kauthar na ndugu zake, kina Abuu na Kulsumu, waliotoa gari la kumleta, na walioandaa chakula chao wenyewe ili wasitusumbue, hilo nimeliona. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, ingawa nyote mlipiga picha naye akiwa na baiskeli na ni wawili tu waliokuja kumtazama akiwa na mpira. Nawashukuru majirani kwa kuni, maji na turubai. Waliopiga makofi mwaka 1985 nawashukuru kwa kuja, sina zaidi.

Sasa ile karatasi. Nimeisoma mara moja tu, siku aliyonipa, na tangu asubuhi nimekuwa nikijiuliza kama mtu aliyenyamaza miaka yote hiyo anastahili kusemewa na mimi. Naisoma, si kwa ajili yake, naisoma kwa sababu mama yuko hatua mia mbili kutoka hapa na upepo unakwenda upande wake. Inasema hivi.

"Mimi Zenon Isdori, tarehe 16 Februari 1985, mbele ya watu, nilisawazisha ntumba mia moja na kumi na mbili za mama yangu Mariana, nikamwita ndugu mkulima. Yeye alijua na mimi sikujua. Nilipojua, niliona aibu, na aibu ikanizidi nguvu hadi akafa. Mama, nisamehe. Watu mlioniona siku ile, naomba mnione na leo. Mkishanizika msiniwekee tuta. Kaburi langu lisawazishwe palepale, kwa plau mkitaka, watu na ng'ombe wapite juu."

Mmesikia. Vijana walioshika makoleo nao wamesikia, na wengine wameanza kutazamana. Mimi Paskazia, niliyeachiwa kusoma, nimelikataa ombi hilo, na ukoo ukitaka kunishitaki unishitaki. Huyu kaka yangu aliamrisha matuta ya watu yavunjwe akiwa hai, hataamrisha tuta livunjwe akiwa amekufa, hata kama ni la kwake. Jana mchana wanawake wa hapa tumefyeka nyasi, mafungu yako nyuma ya zizi, sijayahesabu na asiyahesabu mtu. Jeneza likishafunikwa, kila mmoja atabeba fungu lake na kuliweka juu, na fungu la kwanza ataliweka baba mdogo Evaristi, kwa sababu muhuri ulikuwa wake. Kisha mabonge yatageuzwa mizizi juu, kama mama alivyotufundisha, mwenye haraka akae pembeni, na binti yake Mariana atapanda maharage kileleni kwa mkono wake. Mwezi wa kumi na mbili, nyasi zikiwa zimeoza, nitakuja na jembe langu, nitaivunja ntumba hiyo na kuisambaza, nitapanda ulezi, na kaburi lake litalingana na ardhi kama alivyoomba, ila kwa wakati wa mama, si kwa wakati wake.

Basi pumzika kwa amani, kaka Zenon, usiwe na haraka, nyasi hazijaoza bado.